Prado, Harrier au Hilux Double Cabin: Gari Lipi Linakufaa?

Mtu akiwa na hela ya kununua gari moja kubwa hapa Tanzania, washauri hawakosekani. Fundi atamwambia achukue Prado. Shemeji anayefanya kazi mtaa wa Posta, katikati ya Dar, atasema Harrier, tena bila kufikiria. Rafiki mwenye shamba Kilombero atashangaa inakuwaje mtu atoe mamilioni anunue gari ambalo halibebi magunia. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya barabara anayopita yeye. Ndiyo maana mnunuzi anabaki njia panda miezi na miezi, akiperuzi picha za magari usiku huku siku zikienda.

Nimeziweka hizi tatu pamoja kwa sababu ndizo zinazogombaniwa zaidi na watu wenye bajeti zinazokaribiana. Kwa Prado nazungumzia J120, iliyotoka 2002 hadi 2009, na J150 iliyoifuata mpaka 2023. Kwa Harrier ni ile ya pili, maarufu kama "tako la nyani", na ya tatu ya kuanzia mwishoni mwa 2013, ambayo wengi wanaiita Anaconda. Kwa Hilux ni Vigo ya 2004 hadi 2015, na Revo iliyokuja baada yake. Land Cruiser V8 nimeiweka pembeni. Ni gari zuri sana, lakini mwenye uwezo wa kuilisha na kuitunza V8 hayuko kwenye mtanziko huu.

Nitazipima kwa mambo sita: barabara zinazoziweza, watu na mizigo, mafuta, spea na fundi, bei pamoja na kodi na urahisi wa kuuza, halafu jinsi zinavyoendeshwa. Kabla ya kuendelea, chukua karatasi uandike majibu ya maswali matatu. Kwa mwezi unatembea kilomita ngapi? Kati ya hizo, ngapi ni za vumbi, tope au mawe? Na siku ambayo gari linajaa kuliko zote, linakuwa na watu wangapi na mzigo gani? Bila majibu hayo utanunua gari la mtu mwingine.

Barabara

Tofauti kubwa ya magari haya iko chini, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hapaangalii. Prado na Hilux zimejengwa juu ya chasisi, yaani reli mbili nene za chuma zinazotoka mbele mpaka nyuma, na juu yake ndipo vimefungwa injini, giaboksi na bodi. Harrier haina chasisi ya aina hiyo. Bodi na sakafu vimeundwa kama kitu kimoja, na hata Harrier ya kwanza kabisa, iliyotoka Desemba 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Camry. Kwa hiyo Harrier ni gari dogo la starehe lililoinuliwa juu, na hilo si kasoro, ni aina yake. Kwenye lami inatulia na kukata kona vizuri kuliko hao wawili. Ukiipeleka kila wiki kwenye mashimo na mawe, bushi, bol joint na shokapu zitaanza kulalamika mapema.

Jambo la pili ni namna nguvu inavyofika kwenye matairi, na hapa watu wengi wanaingia mkenge.

Prado inasukuma matairi manne muda wote. Hakuna cha kuwasha unapoondoka nyumbani. Ukikwama, unafunga difu ya kati, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ili nguvu isikimbilie upande unaoteleza, na hali ikiwa mbaya zaidi unaingiza L4, gia zinakuwa fupi na gari linapanda au kushuka taratibu kwa nguvu nyingi. Kwa mteremko wenye utelezi, kama zile njia za vumbi zinazoingia vijijini ukishapita Lushoto mjini, L4 inafanya kazi ambayo breki peke yake haiwezi. Injini ndiyo inayolizuia gari, wewe unashika usukani tu.

Hilux yenye 4WD, yaani uwezo wa kusukuma matairi yote manne, kwa kawaida inaendeshwa na matairi ya nyuma. Ukifika kwenye tope au mchanga unaingiza H4, matairi yote manne yanasukuma kwa gia za kawaida, na kwenye pabaya zaidi L4. Ina uwezo mkubwa sana, na mimi naiamini kuliko gari lolote kati ya haya matatu kwa barabara ya shamba. Ila H4 ya Hilux haitakiwi kutumika kwenye lami kavu, kwa sababu haina difu ya kati ya kuruhusu matairi ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo kwenye kona. Anayesahau kuitoa anaumiza gia na matairi yake mwenyewe. Halafu usidhani kila double cabin ina 4WD. Zipo nyingi za matairi mawili, na kwa nje zinafanana kabisa na zile za 4WD.

Harrier nazo ni za aina mbili. Zipo zinazovutwa na matairi ya mbele pekee, na zipo zenye 4WD inayojipanga yenyewe. Hata hiyo ya 4WD haina L4. Inasaidia kwenye mvua, kwenye kilima cha vumbi, au unapotoka getini Goba, pembezoni mwa Dar, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Haikutengenezwa kuvuka udongo mweusi wa mbuga uliolowa. Ukitaka kujua unayouziwa ni ipi, usisome maandishi ya muuzaji. Chuchumaa nyuma ya gari uchungulie chini: ukiona shafti inayotoka mbele kuja kwenye difu katikati ya matairi ya nyuma, ni 4WD. Usipoiona, ni ya matairi mawili hata kama dalali anaapa.

Kimo nacho kinahesabika. Prado ina nafasi ya sentimita kama 22 kutoka ardhini, Hilux iko karibu na hapo, na Harrier nyingi zina 18 au 19. Sentimita hizo tatu au nne za tofauti hazionekani mjini. Zinaonekana kwenye njia iliyochimbwa na malori, pale katikati kunapobaki tuta la udongo mgumu.

Na niseme wazi, maana kila masika tunashuhudia: hakuna gari kati ya haya linalopaswa kupita bonde la Jangwani jijini Dar siku Mto Msimbazi umefurika. Maji yanayotembea hayaangalii ukubwa wa gari.

Watu na mizigo

Harrier inabeba watano, basi. Watatu wa nyuma wanakaa kwa raha na buti linatosha mabegi ya familia. Familia ya watoto wawili haitakosa kitu.

Prado inapatikana yenye viti vya safu mbili au tatu. Safu ya tatu inafaa watoto au safari fupi, mtu mzima mwenye miguu mirefu atateseka mpaka Morogoro. Kwenye J120 viti hivyo vya nyuma hukunjwa na kuning'inia pembeni, vinakula nafasi ya mizigo, japo vinaweza kutolewa kabisa na kuachwa nyumbani. Kwenye J150 vinazama sakafuni, na hilo ni badiliko ninalolipenda sana. Kumbuka pia ukijaza watu saba, nafasi ya mabegi nyuma inakuwa ndogo mno, kwa hiyo mizigo inapanda kwenye keria. Mlango wa nyuma wa Prado unafunguka kwa ubavu, si kwa juu. Ukiegesha gari likiwa karibu na ukuta hutoi hata mfuko wa sembe. Bahati nzuri kwenye nyingi kioo chake kinafunguka peke yake.

Hilux ni habari nyingine. Karoseli yake, yaani sehemu ya wazi ya nyuma ya kubebea mizigo, inabeba takribani tani moja kutegemea toleo, na ndiyo pekee kati ya hizi ambayo unaweza kuisombea mbolea, mbao, mapipa ya maji au mbuzi, kisha ukaiosha kwa mpira wa maji. Abiria wa mbele wanakaa vizuri. Wa nyuma mgongo wa kiti umesimama sana, hasa kwenye Vigo, na mzee mwenye maumivu ya kiuno hatakushukuru mkifika. Mizigo iko nje, kwa hiyo unahitaji turubai nzuri au kanopi, maana vumbi, mvua na wezi wa kwenye foleni wote wanaifikia.

Mafuta

Hapa ndipo gari kubwa linapokutambua. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo nitapiga hesabu kwa lita, nawe utazidisha na bei ya siku hiyo.

Chukua mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, nyingi za mjini na foleni. Haya ni makadirio ya gari zima, lililofanyiwa sevisi, mguu usiwe mzito. Harrier ya CC 2,400 (CC ni ukubwa wa injini) ikienda kilomita 8 kwa lita itataka lita 125. Harrier mpya zaidi ya CC 2,000 ikifika kilomita 10, lita 100. Prado ya petroli ya CC 2,700 ikienda kilomita 6.5, lita 154. Prado ya dizeli ya CC 3,000 kwa kilomita 9, lita 111. Hilux ya dizeli ya CC 2,500 kwa kilomita 10, lita 100.

Safari ndefu hali inabadilika, zote zinapungua ulaji, na dizeli ndiyo inayofaidi zaidi. Tangi la Prado linameza lita 87. Ya dizeli ikijazwa Dar unaweza kufika Iringa bila kutafuta sheli, na bado ukabaki na akiba.

Kwa hesabu hizo mtu atakimbilia dizeli moja kwa moja. Asikimbilie. Injini za dizeli za kisasa zinapenda kupata joto na kukimbia. Mtu ambaye maisha yake ni kupeleka watoto shule kilomita 4, kurudi, kuzima, jioni tena hivyo hivyo, anaijaza masizi. Prado za dizeli zilizouzwa Japan kuanzia 2015, zenye injini ya CC 2,800, zina kichujio cha masizi kwenye egzosi na tangi dogo la maji ya urea. Kichujio hicho hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu. Likibaki kwenye foleni tu kinaziba, na kukibadilisha si gharama ya mchezo. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni (50 ppm) mwaka 2015, na hilo limesaidia sana injini hizi. Lakini dizeli ya dumu pembezoni mwa barabara hakuna anayeijua ilipotoka wala ina maji kiasi gani.

Jambo moja wengi wamelisahau: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Hivyo mwenye gari linalokunywa sana analipia barabara zaidi, kila anapojaza.

Spea na fundi

Zote ni Toyota, na hilo limekuondolea nusu ya matatizo. Mitaa ya Gerezani na Ilala jijini Dar utapata vifaa vyake, vipya, vya bandia na vya kufungua kutoka kwenye magari mengine. Tofauti iko kwenye ugonjwa wa kila moja.

Harrier ya CC 2,400 inatumia injini ya 2AZ-FE. Ina cheni, haina mkanda wa taiming, na kwa ujumla ni injini rahisi ambayo kila fundi anaijua. Udhaifu wake unaojulikana ni kula oil, hasa zile za kuanzia 2006 hivi, na nyuzi za bolti za silinda hedi kuchakaa, jambo ambalo mwenye gari huligundua baada ya kuona maji ya rejeta yanapungua bila kuona yanakovujia. Pima oil kila baada ya wiki mbili na hutapata mshtuko. Ya V6 ya CC 3,000 ni tamu sana kuendesha, ila ina mkanda wa taiming na mafuta inakunywa bila huruma.

Prado ya petroli ya CC 2,700, injini ya 2TR, ndiyo tulivu kuliko zote kwa upande wa matengenezo. Ina cheni, haina tabo (turbo ya kusukuma hewa kwenye injini), haina nozeli za presha kubwa za kunyunyizia mafuta. Asiyetaka kesi na fundi, akubali tu kulipia mafuta. Ya dizeli, 1KD ya CC 3,000, ina nguvu na ulaji mzuri, lakini inataka mwenye nidhamu. Nozeli zake zikichoka injini inagonga asubuhi kabla haijapata moto, inatoa moshi mweupe, na ukipuuza, pistoni inaweza kupasuka. Washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oil na kuziba kichujio kinachovuta oil kule chini kwenye sampu. Presha ya oil ikishuka, tabo na injini vinaondoka pamoja. Ina mkanda wa taiming pia, na anayenunua gari la mkononi bila rekodi yoyote aubadilishe mara moja.

Prado za daraja la juu zina springi za upepo nyuma. Zikiwa nzima unaelea. Zikitoboka gari linakaa matako chini, na wengi huishia kuweka springi za kawaida za chuma. Hakuna ubaya, ila ijue bei yake kabla ya kununua.

Hilux Vigo ya CC 3,000 inatumia 1KD hiyo hiyo, kwa hiyo yote niliyosema yanaihusu. Ya CC 2,500, 2KD, ni ndugu yake mdogo mwenye tabia zile zile. Faida ya Hilux iko nyuma: springi za bapa kama za lori, breki za ngoma, vyote rahisi kutengenezeka. Hata gereji ya chini ya mwembe Ludewa au Kibondo itakurudisha barabarani, kwa sababu halmashauri, miradi na makandarasi wamezitumia Hilux miaka mingi huko na mafundi wamezizoea. Kwa Harrier iliyokufa umeme huko, utasubiri kifaa kije na basi.

Matairi nayo ni gharama. Prado nyingi na Hilux nyingi zinavaa 265/65R17, saizi inayopatikana karibu kila mji. Harrier ya rimu 17 inavaa 225/65R17 na bei yake ni nafuu kidogo. Zile za rimu 18 zina ubavu mwembamba, zinapendeza Masaki na kuchanika kwenye mawe.

Bei, kodi na kuuza

Sitaweka bei za magari, zinabadilika kila wiki. Kodi ndiyo ya kuzingatia. Gari linalozidi CC 2,000 linatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, wakati la CC 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Hapo Harrier ya CC 2,000 inapata nafuu ambayo Prado haiwezi kupata kamwe. Juu yake kuna ushuru wa forodha, VAT na tozo nyingine, na gari lililofikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unapanda tena. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha Mamlaka ya Mapato, TRA, weka mwaka na modeli, ndipo uongee na muuzaji. Jirani zetu wa Kenya hawana hata nafasi ya kufikiria J120 ya kuagiza, kwa kuwa huko gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia.

Chanzo cha gari kinatofautiana pia. Harrier karibu zote zinatoka Japan. Prado ya petroli nayo inatoka Japan kwa wingi, ila ya dizeli ni ngumu: Japan iliacha kuuza Prado ya dizeli 2007 na kuirudisha 2015. Kwa hiyo J150 ya dizeli ya 2010 au 2012 unayoiona yadi mara nyingi imetoka Uingereza. Hiyo ina mambo mawili ya kuangalia. Spidomita yake inahesabu maili, na maili 90,000 ni kilomita kama 145,000. Pili, Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi inakula chasisi kwa ndani. Hilux haikuuzwa Japan kati ya 2004 na 2017, hivyo nyingi zinatoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza au zilinunuliwa mpya hapa hapa.

Kuuza baadaye, Prado na Hilux hazikai sokoni. Harrier nayo inauzika haraka mjini, ila ushindani ni mkubwa na bei inashuka haraka zaidi modeli mpya ikishika.

Kuendesha

Anayetoka kwenye gari dogo kama Toyota IST kwenda kwenye yoyote kati ya hizi ajipe muda. Uzito mkubwa unahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama, na ukiwa juu mwendo unauona mdogo kuliko ulivyo. Ndiyo maana wengi wanakamatwa na tochi ya trafiki wakiwa 68 kwenye eneo la 50 huku wakidhani wanatambaa.

Harrier inaendesheka kama gari dogo. Usukani mwepesi, haiyumbi, haina kelele. Kwa mtu wa foleni za Ubungo au Mwenge kila siku, hilo ni jambo kubwa kwa afya yake, silisemi kwa utani.

Prado inakupa utulivu kwenye barabara mbovu, lakini kwenye kona kali inalala upande. Ya CC 2,700 yenye giaboksi ya gia nne ni nzito kupanda. Ukiwa na watu saba na mizigo juu ya keria, usijaribu kupita lori kwenye mlima Kitonga kwa matumaini. Pale hata dizeli inataka hesabu.

Hilux tupu inarukaruka nyuma kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, na kwenye lami iliyolowa mkia wake unaweza kuteleza kwenye kona. Ukiweka mzigo kidogo inatulia na kuwa gari lingine. Ndefu pia, na kuiegesha Kariakoo ni mtihani wa subira.

Na hili naliomba kwa kila mwenye gari kubwa: zunguka gari kabla ya kurudi nyuma. Boneti na buti vya juu vinaficha mtoto mdogo kabisa. Magari mengi ya Japan ya aina hii huja na kioo kidogo kilichochomoza kwenye fenda ya mbele kushoto. Watu wanakitoa kwa sababu hakipendezi. Kiache. Kinakuonyesha kilichopo karibu na tairi ya kushoto, mahali ambapo ukiwa umekaa kulia hupaoni.

Kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike. Shika boneti, iwe ya baridi. Kama ni ya moto, kuna kitu kinafichwa. Liwashe mwenyewe, sikiliza sekunde thelathini za kwanza, tazama moshi. Fungua kifuniko cha oil. Kwa Prado na Hilux, ingia chini na nyundo ndogo ugongegonge chasisi karibu na ekseli ya nyuma: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti nzito na kumwaga maganda. Kisha tafuta kiwanja cha udongo, ingiza H4 na L4, tembea mita chache, uone taa inawaka na gia inaingia. Gari lililokaa mjini miaka kumi bila L4 kuguswa linaweza kugoma, na muuzaji mwenyewe asijue.

Kwa hali yako

Unaishi mjini, barabara ya mtaa ni ya vumbi lakini inapitika, familia ni watu wanne au watano, na kijijini unakwenda Desemba kwa lami karibu yote: Harrier inakutosha, na ya CC 2,000 itakuachia hela ya kufanyia mengine. Chagua yenye 4WD ikiwa mtaa wenu una kilima.

Mko sita au saba, mnasafiri mara kwa mara, na mwisho wa safari hakuna lami: Prado. Ikiwa kilomita zako nyingi ni za mkoani, chukua ya dizeli na utenge kabisa fedha za nozeli, filta na oil nzuri. Ikiwa gari litalala mjini wiki nzima na kutoka siku moja moja, chukua ya petroli.

Una shamba, ujenzi, duka la jumla au mradi unaokupeleka vijijini, na abiria wa nyuma si wa kila siku: Hilux. Ya dizeli, ya 4WD, na umpe kila dereva atakayeishika maelekezo ya H4.

Una wazazi wazee unaowapeleka hospitali mara kwa mara: wapandishe gari wenyewe kabla hujaamua. Prado na Hilux zinahitaji mguu uinuliwe juu, hata zikiwa na ngazi ya pembeni. Harrier mzee anakaa kwanza, kisha anaingiza miguu.

Bajeti inatosha kununua Prado lakini haibakishi kitu cha matengenezo ya mwaka wa kwanza: shuka kwenye Harrier, au tafuta Hilux ya zamani yenye historia inayoeleweka.

Na kama gari kubwa unalihitaji mara mbili kwa mwaka tu, baki na gari lako dogo, kodi Prado yenye dereva siku za sikukuu, ukae kiti cha nyuma na familia mpaka mfike. Ukirudi utakuwa umeshajua kama viti vya safu ya tatu vinawatosha watoto wako, na kama hiyo njia ya kwenu kweli ilihitaji L4.